Saa Moja ya Ndege Hadi Sofia

Ndege haikutua!

Magurudumu yalikuwa yameshashuka, abiria wameshafunga mikanda, na Tiberiu ameshafumba macho akisubiri mtikisiko wa lami. Badala yake injini zikanguruma, pua ya ndege ikainuka, na lami ikabaki chini, kwenye ukungu wa Sofia.

"Mama yangu wee!" akapiga ukelele.

"Mimi si mama yako," ikajibu sauti kando yake. "Niachie mkono, unanivunja."

Tiberiu akafumbua macho. Kumbe alikuwa ameung'ang'ania mkono wa jirani yake wa kiti, mama mmoja mnene mwenye koti la manyoya na kofia ya sufu.

Kwa waliokosa gazeti la wiki jana, nawaonjesha kwa haraka. Tiberiu ni Mromania, mwalimu wa kuogelea wa Bukareshti, mabega mapana kama kabati. Majini haogopi kitu, angani anaogopa kila kitu. Nevena ni binti wa Sofia, Bulgaria. Walikutana baharini Varna kiangazi kilichopita, wakapendana kabla nywele hazijakauka. Aliyekataa ni mama yake Nevena, Bi Tsonka. Neno lake lilikuwa moja tu: "Bukareshti ni mbali. Simtupi mwanangu ng'ambo ya mto Danubi."

"Mama, ni saa moja tu ya ndege!" Tiberiu alimwambia.

"Saa moja? Vizuri. Basi siku yoyote nitakayokuita asubuhi, saa nane mchana uwe umekaa mezani kwangu. Ukikosa, mlango wangu usiujue tena."

Asubuhi ya leo simu ikalia. Tiberiu akatoka mbio na soksi moja, akapata kiti cha mwisho kwenye ndege, akaja. Na sasa yuko juu ya Sofia, na Sofia haionekani!

Sauti ya rubani ikasikika. "Mabibi na mabwana, uwanja wa Sofia umefunikwa kabisa. Tunakwenda kutua Plovdiv."

"Plovdiv!" Tiberiu akamgeukia yule mama. "Niwie radhi, ewe mama mtukufu. Laiti ningalijua! Plovdiv na Sofia kuna mwendo gani?"

Yule mama akamkodolea macho. "Kwa gari, kama saa mbili. Lakini kwanza niambie, Kibulgaria hicho umekiokota wapi? Unaongea kama marehemu bibi yangu."

"Kwa bibi yangu mzaa mama. Alitoka Silistra, huku huku Bulgaria."

"Nilijua tu. Kijana mzima na 'laiti ningalijua'! Mimi naitwa Stoyanka."

"Saa mbili, Mama Stoyanka! Kutoka Bukareshti mpaka hapa nimetumia saa moja!"

"Ndiyo ndege hiyo, mwanangu. Kuruka inajua. Kutua ni mpaka ipewe ruhusa na Mungu."

Halafu akaanza kucheka peke yake, koti zima likitikisika.

"Unacheka nini, mama?"

"Nacheka bahati. Wewe umepotea, mimi nimefika nyumbani. Kwangu ni pale pale, kijiji cha karibu na uwanja wa Plovdiv. Nilikuwa natakiwa nitue Sofia kwa shughuli ya mwanangu, sasa naletwa mpaka mlangoni kwangu bila kuomba!"

Wakatua. Plovdiv jua linawaka kana kwamba hakuna kitu kinachoitwa ukungu duniani.

Uwanjani abiria wakajazana mbele ya afisa mmoja mwenye masharubu. Basi la kuwapeleka Sofia litakuja, akasema.

"Litakuja saa ngapi?" Tiberiu akauliza.

"Baadaye."

"Baadaye ipi?"

Afisa akainua mabega mpaka yakagusa masikio. "Baadaye ya kawaida. Asiyetaka kungoja, ndege hii ikishajaza mafuta inarudi Bukareshti. Apande, arudi kwao."

Tiberiu akageuka huku, akageuka kule. Teksi hakuna. Ndipo akamwona Mama Stoyanka anakokota sanduku lake kuelekea kijijini, akamkimbilia.

"Mama! Ulisema unakwenda Sofia. Una gari?"

"Ninalo."

"Utanichukua?"

Mama Stoyanka akatikisa kichwa kulia na kushoto.

Tiberiu akanywea. Akarudi nyuma hatua chache, mikono mfukoni.

"Wewe, mbona umesimama kama nguzo? Njoo!"

"Si umekataa?"

"Nimekubali! Nimetikisa kichwa, hukuona?"

Loo! Bibi yake alishamwambia tangu utotoni. Mbulgaria akikubali hutikisa, akikataa huinua. Akalibeba sanduku kwa mkono mmoja, akamfuata nusura akimbie.

Gari lilikuwa Moskvich la kijani, limeegeshwa chini ya mzabibu, kuku wawili wamelala juu ya boneti. Mama Stoyanka akawafukuza kwa kofia yake.

"Unajua kuendesha?" akauliza.

"Najua kuogelea."

"Haitusaidii leo. Panda."

Akaendesha kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Malori aliyapita kulia, akayapita kushoto, mengine sijui aliyapita wapi. Tiberiu akatamani kurudi kwenye ndege.

"Mama, shughuli yenyewe ni ya nini hata tukimbie hivi?"

"Pete, mwanangu! Bozhidar wangu anavisha mtu pete leo. Daktari wa meno, ana kliniki yake mwenyewe. Mimi nilikuwa Bukareshti kwa dada yangu, nikakatisha safari nilipopigiwa simu. Mkate wa uchumba umeshaumuliwa, asali ipo, mimi tu ndiye ninayengojwa."

"Hongera sana! Na binti ni wa wapi?"

"Wa jengo lile lile anapokaa mwanangu. Mlango kwa mlango! Mkwe akitaka kumwona binti yake, anavuka zulia tu."

"Raha iliyoje," Tiberiu akasema, akaguna kwa wivu. Angalau wengine wamebahatika.

"Raha sana. Tena mama wa binti ni mjanja, sijapata kuona. Maana kulikuwa na king'ang'anizi mmoja, Mromania, mpiga mbizi sijui..."

"Mwogeleaji," Tiberiu akamsahihisha bila kufikiri.

"Enhe, mwogele..."

Moskvich likayumba. Breki zikalia, gari likasimama pembeni ya barabara, na wote wawili wakageukiana polepole kama watu waliokutana na chui chooni.

"Wewe ndiye!" akasema Mama Stoyanka.

"Nevena?" Tiberiu akauliza. "Pete ni ya Nevena?"

"Pete ni ya mwanangu. Nevena ni wako?"

"Lakini Bi Tsonka ameniita mwenyewe! Leo asubuhi, kwa simu, kwa kinywa chake!"

"Amekuita, ndiyo. Na unajua kwa nini amekuita leo na si jana?" Mama Stoyanka akajipiga paja. "Wiki nzima anasikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni! Aliniambia mwenyewe: 'Stoyanka, siku ukungu ukishuka Sofia ndiyo siku nitakayomwita yule Mromania. Saa nane itapita, hayupo, Nevena ataona kwa macho yake kuwa Bukareshti ni mbali. Hapo hapo Bozhidar anatoa pete.' Leo asubuhi kafungua pazia, kaona ukungu, kainua simu. Hata kukumbuka kuwa na mimi naja kwa ndege hakukumbuka!"

Ni nani angefikiria! Aliyemtega Tiberiu si mvua, si bahati mbaya. Ni mkwe, akishirikiana na mawingu!

"Shuka," akasema Mama Stoyanka.

"Mama..."

"Shuka, kijana. Sikuzaa mtoto nikamsomesha meno ya watu miaka sita, halafu nimbebee mpinzani wake kwenye gari langu. Shuka!"

Tiberiu alikuwa na tabia moja: hakuwahi kubishana na mtu mzima. Akafungua mlango, akashuka, akasema ahsante. Moskvich likaondoka, likapotea mbele, ambako barabara inapanda milimani na ukungu ulikuwa umeanza kuteremka kama maziwa yaliyofurika.

Akaanza kutembea. Alipiga hesabu ya kilomita zilizobaki, akaacha, akaendelea kutembea tu.

Mara akasikia mngurumo. Taa mbili nyekundu zikatokea ukunguni, zikaja kinyumenyume, zikasimama mbele ya magoti yake. Kioo kikashuka.

"Una macho mazuri?" Mama Stoyanka akauliza, akiangalia mbele.

"Mazuri."

"Miwani yangu imebaki kwenye ndege."

Tiberiu akashika mlango asianguke. "Umeendesha tangu Plovdiv bila miwani?"

"Barabara ilikuwa imenyooka! Sasa ukungu huu, sioni hata ile boneti. Panda. Utaniambia barabara iko wapi."

"Na mwanao?"

"Mwanangu ana pete mfukoni, ana kliniki, ana nywele zote kichwani. Unadhani atakuogopa wewe? Panda! Sikusaidii, usijidanganye. Nakuchukua ukaone unavyoshindwa."

Wakaingia milimani hivyo, Tiberiu kichwa nje ya dirisha, upepo unamchuna masikio, anapiga kelele kama utingo.

"Kushoto kidogo, mama! Lori! Lori mbele! Punguza!"

"Nimepunguza!"

"Punguza tena!"

"Tukipunguza tena tutakuwa tumeegesha!"

Kwenye mahandaki ukungu ulikoma, na hapo ndipo angalau mtu aliweza kuvuta pumzi. Katika handaki la mwisho Mama Stoyanka akasema jambo bila kuulizwa.

"Dada yangu aliolewa Bukareshti nikiwa msichana. Mama yetu alisema ni mbali, hakwenda. Alikufa hajamwona mjukuu. Na mimi nikawa nasema vile vile, ni mbali, ni mbali. Wiki hii ndiyo mara yangu ya kwanza kwenda. Amenifungulia mlango, nikamwambia, samahani bibi, namtafuta Vanya. Akaniambia, Stoyanka, ndiye mimi." Akapangusa pua kwa kiganja. "Saa moja, kijana. Saa moja tu ya ndege, na mimi imenichukua miaka thelathini na kitu."

Tiberiu akamwekea mkono begani.

"Toa mkono wako," akasema Mama Stoyanka. "Handaki limekwisha. Kichwa nje!"

Sofia walikuta taa za barabarani zimewashwa mchana. Tramu zilikuwa zikitambaa, zikigonga kengele kwa hofu. Moskvich likapanda ukingo wa njia mbele ya jengo la ghorofa, na wote wawili wakazipanda ngazi mbio, mama mnene mbele, mwogeleaji nyuma na sanduku, mpaka ghorofa ya nne.

Tiberiu akabonyeza kengele.

Mlango ukafunguliwa. Bi Tsonka! Mwembamba, mrefu, gauni jeusi la shughuli, nywele zimebanwa vizuri. Alimwona Stoyanka kwanza, akaanza kutabasamu. Kisha akamwona aliye nyuma yake, tabasamu likakatikia njiani.

"Shikamoo, ewe mama mtukufu," akasema Tiberiu akihema. "Nimefika."

Bi Tsonka akaitazama saa ya ukutani. Saa nane ilikuwa bado kidogo. Akaitazama tena, kana kwamba inaweza kubadili mawazo.

"Umepita wapi wewe?"

"Plovdiv."

"Nani amekuleta?"

"Mimi," akasema Mama Stoyanka, akavua kofia na kuingia ndani bila kukaribishwa. "Usiniulize. Bozhidar yuko wapi?"

Daktari Bozhidar alikuwa mezani, kitambaa kifuani, anakula supu ya kuku kwa utulivu kabisa. Kijana mpole, uso wa mviringo. Akainuka, akambusu mama yake, akampa Tiberiu mkono.

"Wewe ndiye mwogeleaji? Karibu. Supu nzuri sana."

"Nevena yuko wapi?" Tiberiu akauliza.

Bi Tsonka akaitengeneza sahani iliyokuwa imekaa sawa. Mama Stoyanka akatazama chumba kizima. Mkate wa uchumba ulikuwa mzima, haujamegwa. Kiti cha bibi harusi kilikuwa kitupu.

"Tsonka," akasema Mama Stoyanka. "Binti yuko wapi?"

"Muulize mwanao," Bi Tsonka akajibu kwa uchungu. "Muulize amempa nani funguo za gari lake!"

Bozhidar akafuta mdomo. "Tulipopiga simu uwanjani tukaambiwa ndege imepelekwa Plovdiv, Nevena akaanza kulia. Nikamwambia, gari langu hilo hapo chini, mfuate."

"Bozhidar!" mama yake akamaka. "Mchumba wako mwenyewe?"

"Mama, mimi nang'oa meno, sing'oi mapenzi ya watu. Mtu anayemlilia mwingine mbele ya supu, huyo nimvishe pete ya nini?"

Mama Stoyanka akavuta kiti, akakaa, akajimiminia pombe kali ya rakia. "Basi tumepishana naye njiani," akasema. "Kwenye ukungu ule tungepishana hata na treni."

Tiberiu alikuwa amesimama katikati ya chumba, anacheka peke yake. Nevena amemfuata! Amekimbia pete akamfuata! Kwa hiyo ni kungoja tu. Akifika Plovdiv hatamkuta, atageuza...

Simu ikalia.

Ilikuwa ile ya ukutani, barazani. Siku zile ndiyo simu pekee mtu aliyokuwa nayo. Bi Tsonka aliifikia wa kwanza.

"Nevena? Uko wapi? ... Nini? Ongea kwa sauti! ... Hapana. Hapana, mwanangu, nisikilize..."

Akabadilika rangi. Tiberiu akamsogelea, akasikia sauti ya Nevena ndani ya mkono wa simu, ndogo, ya haraka:

"...kwenye orodha ya basi la Sofia hayupo, mama, kwa hiyo amerudi na ndege. Umemkatisha tamaa, amerudi kwao! Abiria wako ndani tayari, mlango unafungwa. Nimekata tiketi, pasipoti ninayo. Naijua anwani yake. Nakwenda Bukareshti, mama, na usinizuie..."

"Nevena!" Tiberiu akapiga kelele. "Niko hapa! Niko kwenu!"

Sarafu za Nevena kwenye simu ya uwanjani zikaisha. Laini ikakatika.

Wakabaki wanasikiliza ule mlio mtupu. Kisha Tiberiu, kwa ile tabia yake ya kutafuta jema, akasema, "Si neno, mama. Ni saa moja tu. Atanikosa nyumbani, atapiga simu, kesho nitakuwa..."

"Kaa kimya!" Bi Tsonka akasema, na haikuwa hasira. Akajishikilia ukutani, na yule mwanamke aliyeweza kutumia hata ukungu kama mtego akaanza kulia kama mtoto.

"Tsonka, shoga yangu," Mama Stoyanka akamshika. "Bukareshti si mwisho wa dunia. Mimi nimetoka huko leo. Ni karibu."

"Najua ni karibu!" Bi Tsonka akalipuka. "Mnadhani niliogopa umbali? Ningekuwa na binti anayetaka kuolewa Lisboni, huko Ureno, ningempa baraka na sanduku. Bukareshti ni karibu mno! Mji ule ule, barabara zile zile, siku moja angekutana naye!"

"Na nani?"

Bi Tsonka akatazama sakafu.

"Na baba yake," akasema. "Nilimwambia Nevena baba yake alikufa kabla hajazaliwa. Hakufa. Nilimwacha. Ni Mromania, anaishi Bukareshti, na hajui kama ana mtoto."

Bozhidar akaweka kijiko chini.

"Mama," Tiberiu akasema taratibu, akipiga magoti mbele yake, "Bukareshti ni mji mkubwa. Watu milioni mbili. Hawezi kukutana naye kwa siku moja. Anaitwa nani?"

"Eugen. Eugen Dragota. Mtengeneza saa. Ana kovu hapa, chini ya sikio."

Tiberiu akabaki pale pale chini.

"Mzee Dragota," akasema, "ndiye mwenye nyumba ninayopanga. Nevena akigonga mlango wangu leo, atakayemfungulia ni yeye."